Rula Yangu na Maji ya Kisima

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa jiografia katupa kazi. Tupime kina cha maji ya kisima cha shule kila siku, wiki nzima, tuchore grafu, tueleze maji yanafanya nini. Mshindi ataisoma mbele ya wazazi. Mshindi ni mimi! Nimeteremsha kamba yenye jiwe. Mita sita.

Jumanne, 4 Machi
Mita tano. Basi, kazi kwisha! Hesabu ina jibu moja, na nukta mbili zinatosha kuchora mstari. Nimepiga rula hadi Jumapili: nne, tatu, mbili, moja, sifuri. Kupima ni kwa wasiojua hesabu.

Jumatano, 5 Machi
Kamusi, binamu yangu na mpinzani wangu darasani, kapima mita tano na nusu. Ati mvua imenyesha, ati grafu ni habari za maji, si mapambo. Nikamwambia nukta yake imekosea mstari, aifute. Kanuna.

Alhamisi, 6 Machi
Kamusi kaja mbio, midomo imemkauka. Mita tatu kamili! Kapima mara nne. Na mvua haijakatika. Nikamwonyesha daftari langu. Badala ya kunipongeza, akarudi nyuma hatua mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Mbili. Mama kasema ndoo imepanda na tope, na kule chini kunasikika kama mtu anakunywa. Nikamweleza kuwa sauti haimo kwenye grafu.

Jumamosi, 8 Machi
Moja. Kamusi kapiga hodi, kaniletea kifutio.
“Ufute huo mstari, ndugu yangu. Nakuomba.”
Machozi yanamlenga. Wivu tu! Kifutio nimepokea. Nimefutia jina lake kwenye orodha ya washindani.

Jumapili, 9 Machi
Sifuri. Mvua kubwa, kisima kikavu. Majirani wamesimama na ndoo zao, hakuna anayesogelea ukingo.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu kauliza mstari unaelekea wapi baada ya sifuri. Swali jepesi! Nikaandika hasi moja. Kamusi kauliza maji yaliyo chini ya sifuri ni maji gani. Nikamjibu kuwa hesabu haiulizwi maana.

Nikaenda kupima mwenyewe, wote wakinitazama kwa mbali. Jiwe likagota chini, kamba ikalegea. Kisha ikavutwa kutoka kule chini, taratibu. Mita moja kamili!

Kesho mbili. Nitaifunga kamba kiunoni, isije ikaniponyoka.