Gari Lisilotaka Mtu Ndani

"Toka humo, mama watoto! Ukikaa ndani haliwezi kuwaka!"

"Nikitoka likawaka, nani ataliendesha? Shetani?"

"Liache kwanza lizoee!"

"Lizoee nini? Nimeliendesha miaka sita! Mgeni humu ni hilo sanduku lako!"

Wajukuu zangu, mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Lakini nawaapia, tangu niote meno mpaka yakang'oka, sijapata kuona gari linalokwenda vizuri mradi lisiende popote. Mkwe wangu ndiye aliyelivumbua!

Mkwe huyu mtaa mzima unamwita Injinia. Cheti hana, ila ana simu yenye video. Jumapili alinunua kisanduku cha kuwashia gari kwa rimoti, ukiwa mbali, akajichimbia chini ya usukani kutwa nzima, miguu nje kama chura aliyekwama kwenye chupa. Jioni akapanda kibarazani, ghorofa ya kwanza, akabonyeza. Kule chini gari likanguruma, halina mtu! Watu wakapiga makofi. Injinia akavimba kwa sifa mpaka kifungo cha shati kikafyatuka, kikampata paka wa nyumba ya tatu. Paka yule hadi leo akiona kifungo anakisalimia.

Palepale Injinia akamgeukia fundi umeme wa magari wa barabara kuu, ambaye hata hakuwepo. "Mwambieni aje nimfundishe! Akija bila daftari simpokei!"

Sasa ilikuwa Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Binti yangu ni nesi, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza kazi ya usimamizi wa zahanati. Miaka tisa ameingoja! Daktari alishasema: saa mbili kamili nafasi ni yake, akichelewa anapewa mwenzake, yule anayemchekea kwa meno ya pembeni. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima. Dereva wa teksi alipopigiwa simu alisema yuko njiani, neno ambalo madereva wa teksi hulisema wakiwa bado wamejifunika shuka.

Injinia akabonyeza. Gari likawaka. Binti yangu akaingia, akachomeka ufunguo, akazungusha, akakanyaga breki. Kimyaa! Likazima kama mtoto aliyeona sindano. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

"Ni uzito," Injinia akasema, akijikuna kidevu. "Tangu tuoane umeongezeka. Gari linajihami."

Binti yangu alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukaanga yai.

Akaitwa jirani yetu fundi cherehani, mtu mwembamba ambaye upepo ukivuma hukumbatia nguzo ya umeme. Akaingia, akachomeka ufunguo. Kimyaa!

"Basi ni simu," Injinia akasema. "Mtandao unaingiliana." Akamvua mkewe simu, saa, bangili, mpaka pini za nywele, akamrudisha garini. Kimyaa! Ila mbele ya usukani kijitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kikawa kinapepesa.

Herufi sizijui, lakini picha nazisoma! Nikainama, mgongo ukalia kama mlango wa stoo, nikachungulia chini ya usukani. Nikauona ufunguo wa pili, ule wa akiba, umefungwa kwa utepe mweusi ubavuni mwa tundu la ufunguo, kama mgonjwa aliyevunjika mguu.

"Mkwe wangu, na huyu anafanya nini hapa?"

"Aa, Mama!" Akacheka kile kicheko cha adabu, cha kumcheka mkwe bila kumwonyesha meno. "Huo ni wa kulidanganya gari. Nikibonyeza kule juu, gari linauliza, mwenye ufunguo yupo? Huo unajibu, nipo. Sayansi hiyo."

"Na huu wa mkeo, akiuchomeka, nao unajibu?"

"Lazima ujibu!"

"Basi umeweka wake wenza wawili chumba kimoja. Mume akiuliza 'nani huyo?', wote wanaitika 'mimi!' kwa pamoja. Mume mwenye akili anazima taa, analala."

"Mama, umeme si ndoa!"

"Muite fundi, baba watoto," binti yangu akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kulowa. "Saa moja na nusu hii. Nakuomba."

"Nimuite yule? Jana nimemtaka aje na daftari, leo nimuite aje na spana? Bora twende kwa miguu!"

"Twende na nani? Wewe una zahanati?"

Injinia akapanda ngazi mbio, eti sasa atabonyeza kwa pembe nyingine, mkono juu ya kichwa, mguu mmoja hewani.

Alipotupa mgongo tu, nikatia mkono. Utepe ukalia chwaa! Ufunguo nikautumbukiza kifuani, mahali ambapo hata majambazi hupaheshimu. Nikamkonyeza binti yangu.

"Zungusha."

Juu Injinia akabonyeza, chini binti akazungusha, na injini ikanguruma! Hakuaga mtu. Vumbi tu ndilo lililotuaga.

"Mmeona?" Injinia akapaza sauti, bado kasimama kwa mguu mmoja. "Pembe! Nilisema pembe!"

Ufunguo nikauacha palepale kifuani. Mkwe ni wa kuheshimiwa, na tena nilitaka kuona atafika wapi.

Alifika mbali! Saa kumi jioni sebule ilikuwa imejaa majirani, wengine wamekaa juu ya mikono ya viti, na fundi cherehani kabanwa katikati kama uzi kwenye tundu la sindano. Rimoti iliyoanza asubuhi ikifika uani, sasa ilikuwa inavuka mji.

"Mawimbi haya hayajui kona," Injinia alikuwa anasema. "Yanapita ukuta, yanapita mlima!"

"Na yule fundi wa barabara kuu?" fundi cherehani akauliza. "Anaweza kufunga kitu kama hicho?"

"Yule? Mpe kisanduku changu, hatajua hata kinafunguliwa upande gani! Tazameni." Akainua rimoti, akafumba macho, akabonyeza. "Tayari! Sasa hivi kule zahanati injini yangu inanguruma yenyewe. Daktari mzima kasimama dirishani, kashika kichwa, anajiuliza, huyu mume wa msimamizi ni mtu wa namna..."

Mlango ukafunguka.

Binti yangu akaingia, beji mpya inang'aa kifuani, mfuko wa nailoni mkononi. Akapita katikati ya magoti ya watu, akaumimina mezani. Kikatoka kile kisanduku, kimefunguliwa pande zote nne, na waya zake zimeviringishwa vizuri, zimefungwa kwa uzi kama zawadi.

"Fundi wa barabara kuu anakusalimu," akasema, akavuta kiti. "Endelea, baba watoto. Daktari kasimama dirishani, halafu?"