Barafu Bila Chumvi

Jumapili, 4 Mei

Mashine imefika! Imeshushwa sokoni Daraja Mbili kwa kamba na kelele, wanaume wakibeba, mimi nikielekeza. Kuelekeza kunachosha kuliko kubeba. Watu hawalijui hilo.

Ni mashine ya barafu ya vipande vyembamba, ya kuhifadhia samaki. Mwenyewe ni Mama mdogo Esnah, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, mwalimu mstaafu. Ameiweka katika chumba chake kando ya soko. Msimamizi ni mimi, Okemwa. Injinia Okemwa. Cheo nimejipa asubuhi hii, maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kunipa.

Fundi aliyeifunga ni Kombo, mtu wa Mombasa. Huongea taratibu, utadhani kila neno amelipiga pasi. Amelinganisha sakafu kwa pimamaji. Ameagiza nafasi iachwe nyuma ya mashine ipate kupumua. Kisha akanionyesha kitangi kidogo cha maji ya chumvi chenye mpira mwembamba. Eti huku kwetu tunatumia maji ya mvua, nayo ni safi mno. Barafu yake hung'ang'ania lile pipa la chuma ndani ya mashine, kisu kikashindwa kuibandua. Chumvi kidogo tu, barafu inaachia. Nimeitikia kwa kichwa. Maji kuwa safi mno! Watu wa Pwani wana mambo.

Sasa mtihani wangu. Mama Sheryl, muuza samaki kutoka upande wa ziwa, ana agizo la harusi huko Nyamira Jumapili ijayo. Ataanza kukusanya samaki kesho. Mama mdogo amesema samaki hao wakifika Ijumaa wakiwa wazuri, ufunguo wa chumba ni wangu. Wakiharibika, ufunguo anapewa Odoyo.

Odoyo ndiye huleta mabonge ya barafu kwa pikapu. Ana mikono mikubwa na sauti ndogo. Simwamini mtu wa namna hiyo.

Ufunguo huo nautaka sana. Tangu nimalize chuo niko nyumbani Kiogoro, na kila anayepita na ng'ombe wake ananiuliza kama nimepata kitu. Nimechoka kusema bado.

Jumatatu, 5 Mei

Barafu! Imedondoka nyeupe, nyembamba, kama muhogo uliokwaruzwa. Mama Sheryl amewafunika samaki wake, akasema hii inawalalia vizuri, haiwachubui kama mabonge. Odoyo alikuja kuchungulia. Akasema ni barafu ya watu wasio na meno. Wivu mtupu.

Nimeleta kibao changu cha bati: INJINIA OKEMWA, BARAFU SAFI. Ukuta hauna msumari. Nimekiegemeza nyuma ya mashine, pale palipokuwa wazi bure.

Kufikia mchana mashine ilianza kutetemesha kitu. Trrr, trrr. Sauti ndogo tu. Lakini Odoyo alikuwa amesimama mlangoni na wateja, nami nikaona ni nafasi nzuri ya kuonekana nikiongea na fundi mkuu. Nikampigia Kombo kwa sauti ya kusikika. Nikamwambia mashine inanguruma kama lori la mawe likipanda mlima wa Keumbu. Nikamwambia sakafu inapasuka. Nikamwambia kule Kiogoro watu wametoka nje kuangalia.

Kombo alicheka. Akasema, "Ndugu yangu Okemwa, wacha kutia chumvi." Simu ikakatika.

Maagizo mafupi, ya kitaalamu. Nilijua tu! Ile hadithi ya maji safi mno haikuniingia tangu mwanzo, na sasa mwenyewe amejirudi. Nimefunga mpira wa kitangi mbele ya Odoyo. Chumvi iliyobaki nimempelekea mama, akatia kwenye mboga ya managu. Amefurahi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa usiku kucha. Tangi limejaa. Barafu imetoka kidogo, kama unga, kisha kisu kikaanza kupiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwa chombo chochote. Baadaye taa nyekundu. Mashine ikajizima. Nikaiwasha. Ikajizima. Tumeendelea hivyo mpaka mmoja wetu akachoka.

Mama Sheryl aliuliza kwa upole barafu yake iko wapi. Nikasema mashine mpya hupumzika siku ya pili, ni kawaida. Akanijibu kwamba samaki wake hawajui kupumzika.

Ikabidi nitumie akili. Jirani yangu hapa sokoni ni Purity, msusi. Nimemtuma anunue mabonge kwa Odoyo bila kunitaja. Odoyo alimuuliza msusi anataka barafu ya nini. Akasema kichwa kinamuuma. Akaulizwa kichwa cha nani kinahitaji mabonge yote hayo. Purity akasema wateja ni wengi.

Nimefunga mlango nikayaponda kwa nyundo mpaka yakafanana na vipande. Karibu yafanane. Mpango safi, isipokuwa jambo moja: Odoyo hufunika mabonge yake kwa unga wa mbao. Mama Sheryl alinyanyua samaki mmoja, akamtazama, akauliza kama barafu yangu imeanza kuota ndevu. Nikasema ni virutubisho.

Jumatano, 7 Mei

Nimechubuka kiganja kwa nyundo. Malengelenge mawili. Nimeamua kusema ukweli, kwa fundi peke yake.

Nimempigia Kombo. Nimeeleza bila kuongeza hata neno: barafu imeng'ang'ania pipa, kisu kinalia, mashine inajizima. Kombo akaguna. Akasema kwa ukali kidogo kwamba alishaniambia niwache kutia chumvi.

Hapo nikaumia. Nikamwapia kwamba tangu Jumatatu sijatia hata chembe! Aulize yeyote sokoni! Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema vyema, anapenda mtu anayejirekebisha, basi huenda ni kweli kuna hitilafu. Yuko Kisumu kwa kazi, atapita Ijumaa.

Nimetiwa moyo sana. Kwa kuwa anaichukia chumvi kiasi hicho, nimekifungua kitangi, nikakisugua kwa sabuni, nikakisuuza, nikakianika juani. Hata harufu haijabaki.

Mashine imekwama kabisa.

Siku ya kuifunga mashine, Kombo alikataza pipa lisigongwe. Hakukataza kulimwagia maji ya moto. Nimeazima ndoo ya maji ya moto kwa Purity nikamwaga. Barafu ikaachia! Vipande vikashuka, nami nikapiga kelele za furaha. Kumbe Purity alikuwa ameshatia shampuu ya nazi. Mama Sheryl amesema katika miaka yake yote hajawahi kuuza samaki wanaonukia kama bibi harusi. Kisha pipa likang'ang'ania tena.

Alhamisi, 8 Mei

Mama mdogo amekuja kukagua. Nilikuwa nimeifunika mashine kwa leso. Akauliza mbona imefunikwa. Nikasema imefunga. Akauliza imefunga nini, mlango ama chakula. Alikuwa mwalimu kwa muda mrefu, na mtu wa namna hiyo hakuachii sentensi ikapita hivihivi.

Odoyo alikuwa naye. Alikuwa anapima chumba kwa macho, hapa rafu, pale kiti.

Nikajaribu kumwambia Mama mdogo kwamba barafu ya vipande imepitwa na wakati, kwamba Nairobi wamesharudi kwa mabonge. Akanikumbusha kwamba Jumapili nilisema mabonge ni ushamba. Akasema kesho jua halitazama bila jambo hili kuisha. Sabato ikiingia, mashine inazimwa na ufunguo utakuwa kwa mtu mmoja tu. Na alivyoniangalia akisema mtu mmoja, ilikuwa wazi si mimi.

Mama Sheryl amewahamishia samaki wake kwenye mabonge ya Odoyo. Baadhi yao wamechubuka tumboni, amewatenga kando. Nilimwomba msamaha. Akasema hana hasira na mimi, nikale kitu, nimekonda. Afadhali angenitukana. Nimeona aibu njia nzima mpaka nyumbani, na jirani mwenye ng'ombe akaniuliza kama nimepata kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Kombo amefika. Umati pia. Mama mdogo kwenye kiti, Odoyo kasimama nyuma yake, Mama Sheryl na beseni la samaki, Purity na mteja aliyesukwa nusu.

Kwanza Kombo alikitoa kibao changu nyuma ya mashine. Akakisoma. Akauliza Injinia Okemwa ni nani. Purity akaninyooshea kitana. Akasema kibao ndicho kilichokuwa kinatetemeka Jumatatu, tena kimeziba hewa. Kisha akakiinua kitangi. Kikavu. Akakinusa. Sabuni. Akauliza chumvi iko wapi.

Nilikuwa nimeingoja siku hii. Nikasema mbele ya watu wote kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza, mara mbili, na mimi si mtu wa kukaidi wataalamu. Kombo akaomba nimwambie alisemaje hasa, neno kwa neno. Nikamwambia: "Ulisema, wacha kutia chumvi."

Fundi aliketi juu ya kreti ya samaki. Nilidhani amezidiwa na majuto. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akafutia machozi. Alipopata pumzi akaeleza kwamba kwao mtu akisema sakafu inapasuka, na haipasuki, huyo ndiye anayetia chumvi. Anaongezea maneno. Anakuza jambo. Haikuhusu kitangi hata kidogo!

Mama mdogo hakucheka. Alisema nahau hiyo aliifundisha darasa la sita, nami nikiwa dawati la mbele. Akauliza ile B ya Kiswahili niliipata wapi. Odoyo akaenda kucheka nyuma ya pikapu yake, kwa adabu, lazima nikubali.

Kombo aliyeyusha ile barafu ya pipa polepole, akatia chumvi kidogo majini, akawasha. Tukasubiri. Kisu kikanyamaza. Halafu vipande vikaanza kushuka, vyembamba, vyeupe, vingi! Mama Sheryl alijaza beseni la kwanza, la pili, akawafunika samaki wa harusi wote. Akasema waliosalia ni wazuri na wanatosha.

Nilijua nimeshindwa hata hivyo. Lakini Mama Sheryl mwenyewe akanisemea. Alimwambia Mama mdogo kwamba kijana anayetii hata asichoelewa anaweza kufaa, akipata wa kumwelewesha. Kombo akasema ulimi wake mwenyewe nao umechangia. Mama mdogo akalitazama jua likizidi kushuka. Mwishowe akanitupia ufunguo. Masharti: nitii kila asemalo fundi, na kila Jumapili nimtumie Kombo taarifa ya mashine, nakala kwake Mama mdogo.

Ufunguo! Odoyo amenipa mkono. Amesema alikuwa ameshanunua kufuli ya chumba, na akauliza kama naihitaji.

Tumezima mashine, tukamwaga maji yote, kitangi nacho. Sabato njema.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepumzika. Kanisani nimeuweka ufunguo mfuko wa shati, kamba yake ikining'inia nje. Yule mwenye ng'ombe ameuona. Hakuuliza kitu.

Jumapili, 11 Mei

Samaki wa harusi wameondoka alfajiri kwenda Nyamira, wakiwa baridi, wanang'aa. Mama Sheryl amefurahi hata akachukua agizo jingine, kubwa kuliko la kwanza, na samaki wake wote amewaleta chumbani kwangu. Amewaambia wenzake wa soko wasihangaike tena na mabonge. Wameleta na wao.

Nikiwa najaza maji, ujumbe wa Kombo ukaingia kwenye simu. Nanukuu: "Okemwa, leo usisahau kutia chumvi. Usipotia chumvi tutaaibika sote."

Nimecheka peke yangu. Wiki iliyopita ningekimbilia dukani kama mjinga! Sasa namwelewa mtu wa Pwani. Leo ni siku ya taarifa, naye ana wakubwa wake. Taarifa kavu itamwaibisha.

Nimeiandika nikiwa nimetulia. Nimesema barafu inatosha Kisii na Nyamira yote. Nimesema foleni imefika Keumbu, na polisi wameombwa kuipanga. Nimesema samaki mmoja alilala humu siku mbili, akaamka. Nimetuma, nakala kwa Mama mdogo. Kombo amenipigia mara kadhaa tangu hapo. Bila shaka ni kunipongeza. Sijapokea, Injinia hapokei simu akiwa kazini.

Pakiti mpya ya chumvi, ambayo Mama mdogo aliiacha mezani sijui ya nini, nimempelekea mama. Kibao changu nimekirudisha mahali pake, nyuma ya mashine.

Nimewasha. Barafu ya kwanza ilitoka vizuri, sasa imepungua kidogo. Kisu kimeanza kupiga mluzi mwembamba. Nadhani kimefurahi.