Ndoo ya Magugu kwa Sungura wa Jirani

Jumapili, tarehe 2 Machi

Historia imeanza leo! Baada ya chakula cha mchana nimeweka kijiko chini na kutangaza mbele ya familia: nyumba hii haitanunua mboga tena. Tutalima wenyewe, hapa hapa uwanja wa nyuma, bila gharama yoyote. Watoto wameniangalia. Mama watoto ameendelea kutafuna.

Kisha akauliza, kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa, kama nimesahau kwamba uwanja ule ana mpango nao. Sijasahau. Nitasahauje? Mbao na mabati yake vimeegemea ukuta tangu mwaka jana. Anataka banda la cherehani. Kwa sasa cherehani iko chumbani, miguuni pa kitanda. Nalala na vitambaa vya watu. Juzi nimeamka na pini kwenye nywele. Mwezi uliopita alikataa kushona sare za shule nzima kwa sababu hana hata pa kuzikunjia. Namhurumia, kweli. Lakini banda haliliwi!

Tumekubaliana. Nina wiki sita. Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, saa saba mchana, iwe mezani sufuria ya mboga kutoka bustani yangu, familia nzima ile na kushiba. Nikiweza, uwanja ni wangu moja kwa moja. Nikishindwa, nashika nyundo na kumjengea banda kwa mikono yangu, bila kununa. Tumepeana mikono. Akanikumbusha ule uyoga niliootesha chini ya kitanda. Uyoga haukuwa kosa langu. Godoro lile lilikuwa na kasoro tangu dukani.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mimi ni msoma mita za maji, na kazi hii ina siri yake: naingia nyua zote za watu. Wenzangu wanaona mita. Mimi naona utajiri! Leo, nyumba ya tisa, mzee mwenye ng'ombe wawili. Samadi imerundikana mpaka imefunika mita. Nikamwambia siwezi kusoma. Akasema basi nichukue yote. Bure! Magunia manne, kwa mkokoteni wa kuazima. Muuza duka wa pale kona alifunga mlango nilipopita.

Mzee aliniambia niiache samadi ikae miezi kadhaa ioze, maana ng'ombe wake wanakula kila jani linaloota kando ya barabara, na mbegu za majani hayo zinapita tumboni zikiwa hai. Nimemshukuru kwa maelezo. Miezi sina.

Mbegu za mchicha nimepewa na mwenzangu wa ofisini, yule anayepokea malalamiko ya wateja. Amezifunga kwenye fomu ya malalamiko. Punje ndogo, nyeusi, zinang'aa. Jioni nimepiga matuta matatu, nimemwaga samadi yote, nimesia mbegu. Mgongo umekatika vipande viwili. Sijawahi kuwa na furaha hivi!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mita yetu ya maji inakimbia. Aibu kwa mtu wa kazi yangu. Nimepata ufumbuzi: kila mtu aoge amesimama ndani ya beseni, maji hayo yapelekwe bustanini. Nimebandika ratiba mlangoni. Binti yangu mkubwa ameisoma, akachukua taulo, akaenda kuoga kwa jirani. Wadogo zake wakamfuata. Mama watoto naye, eti ameenda kuwaangalia, amerudi nywele zimelowa.

Nimeoga peke yangu mara tatu leo kwa ajili ya bustani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Zimeota! Zimeota! Nimepiga magoti kwenye tope na suruali ya kazini, wala sijali.

Zimetoka za aina mbili. Kuna vimea vidogo vyembamba, shina jekundujekundu, vinyonge hata kuvitazama. Halafu kuna mimea yenye afya: majani mapana yenye vinywele, shina nene, inajitanua kana kwamba imelipa kodi ya pango. Mtu hahitaji kusoma sana kujua mboga ni ipi na gugu ni lipi. Nimeanza kuvitoa vile vinyonge mara moja.

Nikiwa katikati ya kazi, jirani amechungulia juu ya ukuta. Huyu ni rafiki wa mke wangu, sisi tunamwita Mpishi kwa sababu anapika katika shule ya msingi ya hapa karibu. Akaanza kusema, shemeji, lakini hiyo unayoing'oa siyo... Nikamkata kauli. Nikamuuliza kama amesomea kilimo. Akasema hapana, yeye amepikia watoto mia nne kwa miaka kumi na tano tu. Nikamwambia kupika ni kitu kimoja na kulima ni kingine. Akatazama ndoo yangu. Akatazama matuta yangu. Kisha akaniomba hayo magugu nisiyatupe, nimpe akawape sungura wake wawili. Ila niyang'oe taratibu, na mizizi yake na udongo kidogo, maana sungura wake wanapenda mizizi.

Ombi la ajabu, lakini sungura ni wake. Nimempa ndoo nzima. Mkono wangu haujawahi kuwa mzito kwa jirani.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Bustani imenifika gotini! Matuta yote matatu hayaonekani udongo. Kila siku nikitoka kazini navua viatu na kwenda kuisalimia kabla sijawasalimia watu. Mama watoto ameliona hilo na amelisema.

Ndoo saba za magugu nimeshampa Mpishi. Leo nimewachungulia hao sungura. Hawajanenepa hata kidogo. Nimemshauri awapeleke kwa daktari wa mifugo, huenda wana minyoo. Akakohoa sana, akaingia ndani, nikamsikia anaendelea kukohoa huko huko.

Jambo jingine, na hili limenikera. Nyuma ya banda la sungura nimeona kijani. Amelima! Ameniiga! Mistari imenyooka, kimea na kimea vimeachana kiganja kimoja. Nikamuuliza mbegu amenunua wapi. Akasema hakununua, miche yote amepewa na mtu mmoja mkarimu sana. Nikamwomba amtaje huyo mtu na mimi nikamwombe. Akasema kwangu mimi haitasaidia.

Roho mbaya ya majirani! Mimi nampa ndoo saba, yeye ananificha jina moja.

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Zimebaki siku kumi na moja. Mimea imenifika kiunoni na imetoa vijiua vyeupe. Ofisini yule mwenzangu wa malalamiko ameniuliza mchicha wake unaendeleaje. Nikamweleza urefu, vinywele, maua. Akaacha kuandika. Akauliza, maua meupe? Nikamwambia ndiyo, meupe, mengi. Akaniomba nimletee jani moja alione. Nimekataa. Leo jani, kesho atasema bustani ni yake kwa kuwa mbegu zilikuwa zake.

Nyumbani nimemkuta Mama watoto bustanini na tepu yake ya kushonea. Anapima kutoka ukutani mpaka kwenye mkebe aliouweka chini kama alama, na kutoka kwenye mkebe mpaka mlangoni. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima tu. Kisha akaeleza kwamba ile shule imemrudia: sare sitini, lakini wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, wasipopata watampa mtu mwingine. Akaniuliza kama ile mboga naijua kweli, au nataka tu kumshinda. Aliuliza bila kejeli. Nikamjibu kwamba wiki mbili zijazo atanipigia makofi.

Nimechelewa kula kidogo. Swali lake lilinifuata mpaka mezani. Limeondoka nilipokwenda kuitazama bustani.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Siku yenyewe.

Nimeamka mapema kuliko redio. Nimevuna beseni mbili za kujaa. Nimekata, nimeosha, nimekaanga kitunguu na nyanya, nimetia majani. Nikakataa msaada wa mtu yeyote. Kwanza yakatoa povu. Nikasema ni ubichi. Kisha yakawa na rangi ya maji ya betri. Nikafunika sufuria.

Saa saba kasoro robo nimeandaa meza. Watoto wamenusa, wakatazamana. Mdogo akauliza kama akila atapona. Mama watoto akachota kijiko cha kwanza. Akameza. Akachota cha pili, akakimeza pia, machozi yakimlengalenga. Cha tatu alikitazama kwa muda mrefu kisha akakila, na hilo sitalisahau, maana hakuna aliyemlazimisha. Mimi nilikula kijiko kimoja. Ulimi uliwasha mpaka masikioni. Chungu! Chungu kama dawa ya kuachisha mtoto ziwa.

Wakati huo huo Mpishi akabisha hodi na bakuli kubwa limefunikwa sahani. Alisema ameona ni siku ya shemeji, basi na yeye asikae mkono mtupu. Mchicha. Laini, wa kijani kweli, na karanga za kusaga. Watoto waliurukia. Mama watoto alikula mpaka akafungua kifungo cha sketi. Mimi nilikula sahani mbili kwa hasira.

Nikamuuliza Mpishi, kwa uchungu wa mwanamume aliyezidiwa, mchicha huu ameutoa wapi. Akasema ni ule wa kwenye ndoo, shemeji. Nikauliza ndoo gani. Akasema zile zote saba, na zile nne zilizofuata.

Nikapigwa na butwaa. Halafu akili ikafanya kazi! Nikasimama. Nikawakumbusha masharti: mboga kutoka bustani yangu, mezani, saa saba mchana, familia nzima ishibe. Saa ilikuwa saba na dakika tatu. Bakuli lilikuwa tupu. Nimeshinda!

Mama watoto akamuuliza Mpishi kwa nini hakuniambia. Mpishi akasema aliniambia siku ya kwanza kabisa, nikamwuliza kama amesomea. Basi mke wangu akacheka. Alicheka akajishika meza, akacheka mpaka mdogo naye akaanza bila kujua kinachochekwa. Kisha akafuta macho, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba nikitaka kushinda, nimeshinda, uwanja nichukue. Yeye hakutaka kunishinda. Alitaka mahali pa kukaa afanye kazi.

Nimeona aibu. Nimekwenda kuitafuta nyundo.

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Banda limesimama! Nimeng'oa mimea yangu yote kwa mikono na mzee wa ng'ombe ameikataa hata kwa ng'ombe wake. Siku nane nimepiga misumari kila nikitoka kazini. Mlango unafungukia upande usiotarajiwa, lakini unafunguka. Cherehani iko ndani, meza ya kukatia iko ndani, na ile oda ya sare sitini ameikubali. Anashona anaimba. Sijamsikia akiimba tangu tulipohamia nyumba hii. Chumbani kumekuwa kupana mpaka nimepotea nikitafuta soksi.

Nina furaha ambayo sikuipanga. Nimekaa mlangoni pa banda nikamwokotea pini zilizoanguka, naye akaniambia asante, Baba watoto, mara mbili.

Na nimejifunza mengi. Mchicha sasa naujua hata nikifumbwa macho.

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Siku nzuri ajabu! Mpishi amekwenda kumtazama dada yake aliyejifungua, atakaa siku nne. Alimwomba Mama watoto amwagilie bustani yake. Mama watoto yuko kwenye sare ya arobaini na moja, hana nafasi. Kazi nimepewa mimi. Sharti moja, Mama watoto amelirudia mara tatu kupitia dirisha la banda: maji tu, usiguse kitu. Nimeapa.

Nimemwagilia. Mchicha wake nimeuacha kama ulivyo, naufahamu. Lakini kule pembeni, karibu na sungura, nimekuta tuta zima limevamiwa. Hali ya kusikitisha! Mistari minne ya vijani vyembamba vilivyochanikachanika, laini kama nywele za mtoto. Si mchicha, hilo nina hakika nalo. Nimechomoa kimoja kwa uchunguzi. Chini kuna mzizi mwembamba uliokwisha kugeuka rangi ya chungwa. Ugonjwa! Nimechomoa cha pili: chungwa. Cha tatu: chungwa. Tuta zima limeambukizwa, na mwenyewe yuko mbali hana habari.

Kiapo ni kiapo, lakini jirani ni jirani. Nimevitoa vyote, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Sungura wamevila kwa pupa, ndiyo mara ya kwanza nawaona wanakula kitu nilichowapa. Nimebakiza mimea miwili tu iliyokuwa imejificha mwisho wa tuta, majani mapana yenye vinywele, vijiua vyeupe. Hiyo naijua tangu zamani: ni chungu, lakini haijawahi kuugua. Nimeiwekea samadi na vijiti vya kuegemea.

Mpishi anarudi Jumatano. Nimemwomba Mama watoto asimwambie chochote, nataka mwenyewe aone kwanza.