Pete ya Mwezi Isiyoshuka Bei

Bong Mal-sun,
Duka la Vitoweo la Mama Uram,
Sokoni, Gunsan.

Kwa Mkurugenzi,
Mchezo wa Simu wa "Bustani ya Mwezi",
Pangyo.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO YA BEI, NA JAMBO MOJA LA NDOA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umekwisha kula. Mimi ni mzima kiasi. Naandika kwa heshima zote, na nikiteleza mahali unisamehe, kwa kuwa sisi watu wa sokoni adabu zetu huanza vizuri, zikachoka njiani.

Nauza vitoweo: kimchi ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, figili, mizizi ya yungiyungi ya mchuzi wa soya, dagaa wa kukaanga kwa sukari. Hapa sokoni najulikana kwa jambo moja, kwamba tangu niolewe sijanunua kitu kwa bei kamili. Hata harusi yangu, ukumbi tulipata nusu bei kwa sababu tulifunga ndoa Jumanne, siku ya mvua kubwa. Wageni walikuwa wachache, lakini chakula tulikula wiki nzima.

Mume wangu, Cheon Byeong-ho, hana kipaji hicho. Mwaka jana alileta nyumbani friji ya kimchi aliyoinunua bei kamili, siku chache tu kabla ya punguzo. Nililizungumzia jambo hilo, kwa upole, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi ulipokwisha akasema anakwenda Jangsu kuliweka sawa shamba la pilipili la marehemu mama yake, wiki mbili tu. Tangu hapo pilipili zimepandwa, zimevunwa, zimekauka na kusagwa. Yeye hajarudi. Simu hapigi. Na mimi sipigi, maana aliyeondoka ndiye mwenye kupiga.

Aliyenionyesha kwamba yumo ndani ya mchezo wako ni jirani yangu wa meza, Bi Gong wa dagaa. "Dada, shemeji mzima kabisa," aliniambia, "jana kavuna maboga mia mbili." Nikajiunga siku hiyo hiyo. Yeye humo anaitwa Mzee Pilipili. Mimi nikajiita Figili Chungu. Tukawa hatusemezani, ila kila asubuhi yeye humwagilia bustani yangu, na mimi humwagilia yake. Kwa sasa hiyo ndiyo ndoa yetu, Mheshimiwa, na ndiyo maana malalamiko yafuatayo nayatoa kwa uchungu.

1. Almasi. Mnaziuza kwa mafungu ya sitini. Kofia ya majani ni almasi sabini. Nikinunua mafungu mawili nabaki na hamsini, na kwa hamsini dukani kwenu hakuna kinachokaribia kununulika isipokuwa kinyunyizio cha maji, ambacho ni hamsini na tano. Ujanja huo naujua, mimi si mgeni wa biashara. Lakini sokoni kwetu mteja akishapimiwa figili zake, muuzaji humtupia konzi moja juu, bure, na konzi hilo ndilo linalomrudisha kesho. Ninyi hamjanitupia hata almasi moja. Nimenunua mafungu mpaka nimepoteza hesabu, nikizifukuzia hizo tano zinazopungua, na kila fungu jipya huliwa na kitu kingine, tano zikapungua tena.

Nilikaa chini nikapiga hesabu, nikagundua kwamba chenye nafuu ya kweli dukani kwenu ni kifurushi cha mwezi: unalipa mara moja, kila siku ukiingia unapewa kidogo. Niliwakusanya wanawake wa mstari wetu nikawafundisha. Nikawaambia nunueni hicho, kingine chochote msikiguse, mengine yote ni mtego. Wamenitii, na wanaendelea vizuri. Mimi mwenyewe nina kifurushi cha mwezi, cha msimu na cha mwaka, kwa sababu vikinunuliwa pamoja ni nafuu.

2. Ofa za dakika kumi. Sijui mnanichungulia vipi, lakini ofa hizi huja nikiwa nimetumbukiza mikono kwenye pilipili mpaka viwikoni. Siku moja nilibonyeza kwa pua. Pua haina kipimo. Ilinunua mara mbili. Nikawa na punda wawili na zizi la punda mmoja. Bi Gong alicheka mpaka akamwaga dagaa wa mteja: "Dada, huyo wa pili mpe shemeji, huenda akampanda akarudi nyumbani." Nilimpa. Hajarudi, ila punda naona ananenepa.

3. Zawadi zenu za bure ni ghali mno. Nikieleza zaidi nitajiaibisha.

4. Lori. Mlipopunguza mavuno ya maboga mwezi wa tisa bila kutuarifu, kikundi chetu kiliamua kufanya kama wachezaji wote wenye kujiheshimu: kuchanga, kukodi lori lenye skrini ubavuni, na kuliegesha mbele ya ofisi yenu lionyeshe shida zetu mchana kutwa. Kazi ya kutafuta lori nilipewa mimi, kwa sababu ya sifa zangu. Mwenye lori alitaja bei, nikamcheka. Akashusha, nikamwambia nataka kukodi lori, sitaki kumsomeshea watoto. Mwishowe akasema, "Haya mama, ipo siku moja naweza kukupa kwa robo ya bei. Robo! Ila ni siku hiyo tu, usije ukanilaumu." Nilikubali kabla hajameza mate.

Siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya mavuno. Nchi nzima ilikuwa makwao, inafyeka nyasi makaburini na kula keki za mchele. Lori letu lilisimama Pangyo tangu asubuhi hadi jioni mbele ya jengo lililofungwa, likimlalamikia mlinzi mmoja. Nashukuru kwamba alisoma yote, kwa sababu jioni alinipigia kuagiza figili. Namba yangu aliiona kwenye skrini. Maneno hayakuwa yakilipiwa kwa idadi, na malalamiko ya kikundi hayakujaza nafasi, basi niliongeza bei za vitoweo vyangu. Nafasi ikabaki tena. Sikuweza kuiacha ipotee hivi hivi. Nikaandika: BABA URAM, DAWA YA PRESHA UMEMEZA? PILIPILI ZIMEKWISHA, NJOO.

Wenzangu wa kikundi walikasirika sana. "Figili, wewe tumekutuma vita au matangazo?" mmoja aliniandikia. Lakini nadhani lawama ni zenu, kwa kutomweka hata karani mmoja wa kulalamikiwa siku ya sikukuu.

5. Pete. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na nakuomba ukae.

Dukani kwenu ipo Pete ya Mwezi. Wachezaji wawili wakivalishana, ua wa katikati ya bustani zao unaondolewa, wanalima pamoja, na kila siku wanapata almasi mara mbili. Bei yake won elfu arobaini na tisa. Niliiona siku ile ile niliyojiunga. Nikasema moyoni, hii nitamnunulia Byeong-ho, na sitalazimika kusema neno. Halafu nikasema, ikishuka bei. Nikaiwekea ile kengele yenu ya kumwarifu mteja punguzo likitokea, ambayo kila mchezaji huiona kando ya jina lako.

Mheshimiwa, mmepunguza kila kitu. Mmepunguza kofia, visima, punda, na siku ya mwaka mpya mwezi wenyewe mliuuza nusu bei. (Ninao. Unaning'inia juu ya zizi.) Pete hamkuigusa. Niliingoja wakati wa maua, nikaingoja wakati wa mvua, nikaingoja kwenye joto lile ambalo hata kabichi zilikata tamaa. Kila asubuhi naangalia kengele, imenyamaza. Ninyi ni watu wa namna gani, mnaouza mwezi kwa nusu bei na pete yake mkaikazia?

6. Harusi. Wiki iliyopita uliniletea mwaliko. Ulisema kwa herufi zenye maua kwamba Mzee Pilipili anafunga ndoa na mchezaji aitwaye Binti wa Mawingu, na wanakikundi wote tunakaribishwa. Nilikaa juu ya ndoo ya chumvi. Bi Gong alisoma simu yangu, safari hii hakucheka. "Dada, usiende," alisema. "Nakuomba, jikaze, usiende."

Lakini mwaliko ulisema kila mgeni atapewa almasi thelathini, na bahasha ya kutoa hakuna. Tangu nizaliwe sijapata kusikia harusi ambayo mgeni hatoi bahasha. Nilienda. Nilihudhuria harusi ya mume wangu niliyezaa naye, nimevaa kofia ya majani, nimesimama mstari wa mbele na punda wangu, na maharusi walipovalishana pete nikabonyeza "Hongera", kwa sababu ukibonyeza unaongezewa tano. Zile tano hatimaye nilizipata namna hiyo. Nikanunua kinyunyizio cha maji, na mpaka leo sijakitumia.

Bibi harusi hakufungua mdomo. Tangu siku ile anasimama kando ya mume wangu asubuhi mpaka jioni, halimi, hachumi, haamkii watu. Nikasema labda ana haya. Bi Gong anasema ana kiburi. Na bustani yangu sasa haimwagiliwi, maana mtu mwenye ndoa humwagilia ya mwenzake kwanza na maji yanakwisha hapo. Maboga yangu yamenyauka yote.

Naomba niseme wazi, ingawa si desturi katika barua za namna hii: naumia. Nimempoteza mtu nikingoja punguzo. Nimewaza sana ni nani wa kulaumiwa kwa jambo hilo, na kila nikifikia jibu naona ni heri uwe wewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba ndoa hiyo ivunjwe mara moja, na maharusi wasirudishiwe chochote. Naomba pia Binti wa Mawingu ahamishiwe upande mwingine wa mchezo, ikiwezekana ule wa wageni wa nchi za mbali, akasimame huko. Na pete ipunguzwe kwa asilimia thelathini. Ikishindikana, ishirini. Ikishindikana kabisa, hata won mia moja, ilimradi nami niweze kusema sokoni kwamba ilishuka. Almasi thelathini na tano za harusi sitazirudisha, kwani nilizipata kwa jasho langu.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, hasa wale wanaochora punda, kazi yao ni nzuri. Msalimie mlinzi wa mlangoni. Mwambie mzigo wake umetoka jana na juu nimemtupia konzi. Nisalimie na mama yako mzazi, ambaye naamini hajui unachotufanyia.

Ni mimi mteja wako wa kila siku, kwa vifurushi vyote vitatu,

Bong Mal-sun
(Figili Chungu)

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu nilimpigia simu mume wangu nimsomee barua hii, ili ajue kwamba mambo yamefika Pangyo. Sikusalimia, nilianza tu kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Hata nilipofika kwenye ile pua iliyonunua punda hakucheka.

Kisha akasema, "Mama Uram, huyo Binti wa Mawingu ni simu yangu ya zamani. Ile iliyopasuka kioo. Iko hapa juu ya gunia, naichaji."

Nilimuuliza mtu mzima anaoaje simu.

"Pete niliinunua ya kwako," akasema. "Nimeshaishika, nataka kukutumia, naona kando ya jina lako kengele ya pete hiyo hiyo. Nikajua huyu anangoja punguzo. Nikaogopa, bwana. Nikakaa nayo. Sasa na wao isipovaliwa mwezi mmoja wanaifuta, ikabaki siku moja, nikaiandikisha simu ya zamani mchezoni nikaivalisha, isipotee bure." Akaongeza, "Ningekupa, kitu cha kwanza ungeniuliza bei."

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa, naondoa malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la sita. Naomba jambo moja tu, kwamba muharakishe talaka ya mume wangu na simu yake, ambayo kwa sheria zenu inachukua siku saba, wakati yeye anashuka Gunsan Ijumaa kwa basi la asubuhi.

Bei nilimuuliza. Mdomo huu haujazoea kukaa. Alivuta pumzi, akasema alinunua kamili, hawakumpunguzia hata won moja, akangoja nianze. Nikamwambia si ghali.