Mwanzilishi wa Nane

Jumatatu, 4 Novemba

Kikao cha maandalizi ya jubilei. Miaka hamsini ya Chama chetu cha madaktari wa masikio, pua na koo hapa mjini Iloilo! Jumamosi litatundikwa bango la hatua muhimu. Nimesoma rasimu. 1974: Chama chaanzishwa na madaktari saba. 1979: kambi ya kwanza ya kushona midomo sungura bure kule kisiwani Guimaras, walishiriki fulani, fulani na wengineo. Wengineo ni mimi! Nilishona midomo kumi na mmoja siku ile, mgongo karibu ukatike. 1988: mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti, Perpetua Sumagaysay. Yeye tena. Na ndiye msimamizi wa bango.

Nikadai jina langu. Perpetua akauliza, kwa ile sauti ya kubembeleza wagonjwa, kaka Teofilo tukuweke wapi? Kwa waanzilishi, nikasema. Nilikuwepo! Likanitoka tu. Limeshatoka, nitalisimamia.

Nina miaka sabini na minane. Jubilei nyingine sitaiona. Ni Jumamosi hii, au nife nikiwa wengineo.

Jumanne, 5 Novemba

Perpetua anataka ushahidi. Eti picha ya waanzilishi ina watu saba, kawahesabu. Ahesabu tena!

Nimeipata picha yangu ya mwaka ule. Koti jeupe, kioo cha uchunguzi kichwani, nywele tele. Nimempelekea Rodel, mchapa mabango, aniunganishe mwisho wa mstari wa wale saba. Tatizo: nilitazama nje, kama niliyewanunia wenzangu. Rodel akasema hilo dogo, akaigeuza. Sasa nawatazama kwa mapenzi. Safi kabisa!

Mke wangu Nenita kaiona, kaguna. Mzee, utaumbuka, kasema. Nimemwambia aangalie supu yake isiungue.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempa Perpetua picha. Nimesema ndiyo kamili, ile yao ilikatwa pembeni. Hakuwa na miwani. Akaitazama weee, kisha akasema haya.

Haya! Nimenunua shati jipya la barong.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku mbaya. Lakini sijashindwa.

Ukumbi ulijaa, madaktari sitini, nguruwe mzima wa kuchoma mezani. Bango likafunuliwa. Makofi. Halafu makofi yakakatika. Mtu akacheka.

Jamani, kioo! Mji huu sote tulifundishwa na mwalimu mmoja: kioo mbele ya jicho la kushoto, unachungulia kwenye tundu lake. Ukikosea, kofi la kisogo. Waanzilishi saba, vioo saba, jicho la kushoto. Mimi peke yangu kulia! Watu wengine wasingeona hata kwa mwaka mzima. Hawa waliona papo hapo. Rodel na kugeuza kwake, kushoto kukawa kulia!

Nikiri? Thubutu! Nilipanda jukwaani nikatangaza kwamba hiyo ndiyo hatua muhimu iliyofichwa miaka yote: 1974 nilivumbua uchunguzi wa jicho la kulia. Perpetua hakubisha. Akaleta kioo na taa, akakaa kitini, akaniomba nimtazame sikio, nionyeshe wenzangu. Nilihangaika dakika nne. Niliona hereni tu. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, akauliza kama mgonjwa atapona. Watu hoi kwa kicheko.

Nilishuka kichwa juu. Hata nguruwe sikumgusa.

Jumapili, 10 Novemba

Perpetua kaja nyumbani. Kaleta sahani ya nguruwe, na daftari la mihtasari la 1974. Nikasema sisomi. Nenita akalisoma kwa sauti.

Kikao cha uanzilishi. Walioalikwa: wanane. Wa nane, Daktari Teofilo Magbanua, aliyependekezwa kuwa katibu. Walimsubiri kwa saa mbili nzima. Hakutokea. Nafasi ya sahihi yake ikaachwa wazi.

Nikakumbuka. Siku ile nilikuwa kwangu nimeitisha kikao cha chama changu mwenyewe, niwawahi wale saba. Alikuja mtu mmoja tu, naye alidhani ni sherehe ya kuzaliwa. Alikula akaondoka.

Iliniuma. Humu sidanganyi: iliniuma sana. Ningekwenda tu, ningekuwa kwenye ile picha bila Rodel.

Perpetua hakunicheka. Akasema kaka, nafasi bado ipo wazi. Kamati imekubali. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, nifike kwenye kikao, nitie sahihi yangu mbele ya wanachama, basi. Bango litachapwa upya, nami nitaandikwa mwanzilishi wa nane. Nenita alilia. Nikasema nitafikiria.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefikiria. Nikatie sahihi mbele ya walionicheka? Tena kwa huruma ya Perpetua? Ng'o! Wa nane! Nyuma ya watu saba!

Asubuhi nilipokuwa nanyoa ndevu wazo likaja. Zuri mno, nilijikata. Chama cha Wachunguzi wa Jicho la Kulia! Mwanzilishi: mimi. Wa kwanza, wa pekee. Rodel ameshaanza bango. Barua za mwaliko nimezituma zote, hata kwa Perpetua, aje ajifunze.

Kikao cha uanzilishi ni hapa hapa kwangu, Jumamosi ijayo, saa nne kamili asubuhi. Nenita kaniuliza kama ninajua ni siku gani hiyo. Najua! Nitawawahi.