Gari la Kumpeleka Salama Kwao

Jumatatu, 6 Juni 2011. Gitega.
Siku ya kumi na saba ya ndoa! Salama amenimiminia chai, nikasahau kuinywa kwa kumtazama. Jumapili nampeleka kwao Muyinga, mara ya kwanza tangu harusi. Mbele ya wageni wote nilimwahidi baba mkwe kwamba binti yake atakuja kusalimia ndani ya gari langu mwenyewe. Gari sina. Fremu ninayo: mabomba ya kitanda changu cha ujana, yaliyochomelewa na Barnabé, Mkongo mtengeneza madirisha. Nikishindwa, itabidi tupande teksi ya Abubakari, binamu yake Salama, aliyemposa kabla yangu akakataliwa. Afadhali nitembee.

Jumatano, 8 Juni.
Ushindi! Injini ya pikipiki imefika kutoka soko la Muyinga. Na nani kaileta? Abubakari mwenyewe, ndani ya buti ya Carina yake, bure! Muuzaji aliifunga kwenye gunia na kumwambia, kama nilivyomwagiza, kwamba ni mashine ya kusaga unga, zawadi ya Salama. Maskini ameilaza kichwa chini njia nzima. Oili yote imemwagikia zulia lake. Tumecheka, mimi na kipenzi changu, hadi machozi. Halafu akauliza kama nitanunua oili nyingine. Anavyonijali!

Ijumaa, 10 Juni.
Barnabé naye kang'ang'ania oili. Nimemweleza kisayansi (fizikia nilisoma hadi mwaka wa mwisho): gari jepesi hukataa kila kisicho lazima. Viti: vya plastiki, vimekatwa miguu. Milango: hakuna. Oili: lita nzima ya uzito! Akanyanyua upande wa mbele kwa mkono mmoja.
"Hii gari yako iko mwepesi, ndugu. Upepo ikipiga, mushike bibi kwanza."
Nimeichukua kama pongezi.

Jumapili, 12 Juni. Muyinga.
Limekwenda! Kilima baada ya kilima, Salama kanishika bega, kitenge kikipepea. Tulipopita Gasorwe, mji ukiwa karibu kabisa, injini ikalia kama mbuzi, ikakwama. Mwinuko tu. Na nani akasimama? Abubakari. Akafungua mlango wa mbele, akasema binamu apande, shemeji abaki na vyuma vyake. Moyo wangu nao ukakwama.

Salama hakushuka. "Nimetoka kwangu na mume wangu," akasema, "nitafika kwetu na mume wangu."

Kisha akawaita kwa Kirundi wanaume waliokuwa wakitoka sokoni. Wanane. Wakaliinua gari naye ndani, mabegani, kama ingobyi, ile machela waliyobebewa mabibi harusi wa zamani. Tulipofika kwao, mtaa mzima ukatoka. Nyanya yake, Zaituni, akafuta machozi. "Mi nililetwa hivi hivi. Nilifikiri hii heshima ilishakufa." Baba mkwe akanikumbatia mbele ya majirani, akaisifu akili yangu. Sikumkatiza.

Jumanne, 14 Juni.
Familia tatu zimeulizia gari la maharusi! Fundi wa hapa ameifungua injini, anasema imekufa kwa kukosa oili. Mafundi na oili! Kosa lilikuwa uzito. Nimeing'oa injini yenyewe, na kesho nang'oa breki, maana kurudi Gitega naona ni mteremko mtupu. Salama ameamua kutangulia na Carina ya Abubakari, awahi kunipikia. Mke wa namna gani huyu, Mungu wangu!