Kilo Kumi na Mbili za Kila Mwananchi

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu wa Tawi, ndugu Makatibu Wasaidizi na wasaidizi wao, ndugu mabalozi wa nyumba kumi, akina mama mliopanga foleni mbele ya duka hili la ushirika tangu alfajiri na kwa hiyo mna nafasi nzuri ya kunisikia, na wananchi wote wa Kariakoo mpaka kule Msimbazi: mimi, Melkiori, Mratibu wa Programu ya Kupunguza Vitambi, nawasalimu kijamaa! (Makofi, ya makatibu.)

Ndugu zangu, kitambi ni ubepari uliojificha ndani ya shati. (Watu wanatazama shati la msemaji.) Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita, kwa kuzingatia maazimio, miongozo na sekula zote husika, niliagiza mizani pekee ya duka hili ihamishiwe kwenye programu, ili kila mwananchi apimwe, aandikwe, na aifuatilie progresi yake kwa hesabu ya darasa la pili: kilo za zamani na kilo za sasa, kubwa toa ndogo, jibu ndilo ulilopungua.

(Bi Celina, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani: "Na unga je? Miezi mitatu tunaambiwa haupimwi bila mizani!")

Subiri, mama, wewe ni takwimu. Ndugu Seifu, muuza duka wetu, amefuata utaratibu: unga wa mgawo haukadiriwi kwa macho. Nampongeza.

Sasa matokeo. Kwa kuwa kiongozi hutangulia, nilianza mwenyewe. Siku ya kwanza nilikuwa kilo themanini na nne. Leo asubuhi, tisini na sita. Kubwa toa ndogo: kumi na mbili! ("Umenenepa, bwana!" Vicheko.) Nani huyo anayebishana na hesabu? Hizo kumi na mbili zidisha kwa wakazi elfu tatu wa tawi, tumepunguza kilo elfu thelathini na sita, lengo tumelivuka! Kama mnabisha, mtazameni mama huyu, gauni linamzunguka mara mbili.

("Ni njaa, baba! Maziwa yamenikauka, wanangu wanalia kutwa!")

Huo ni ushuhuda. Katibu, andika. (Guno kubwa.)

Kitambi! (Makatibu: "Kife!") Mizani! (Foleni nzima: "Irudi!")

Ahsanteni sana. Nawashukuru wananchi wote elfu tatu kwa kufanikisha programu bila hata mmoja wenu kusumbuliwa kupanda mizani. Na kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu, Clotilda, aliyeitunza mizani hiyo nyumbani kwetu Magomeni isishike kutu, kwa kuitumia kila siku kuuzia unga dirishani, kutoka kwenye yale magunia ambayo Ndugu Seifu alituletea yasije yakaozea dukani.

(Foleni inageuka kuelekea Magomeni, Bi Celina akiwa wa kwanza.)

Ndugu wananchi, mnakwenda wapi? Sijafunga mkutano!